Waltraud Schoppe: mwalimu aliyechekwa na Bunge la Ujerumani mwaka 1983, kisha alichokidai kikawa sheria

Kitabu_Wazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye jukwaa hili la historia tumeshawachambua sana makansela wa Ujerumani, kuanzia Adenauer mpaka Merkel. Wabunge wa viti vya nyuma hatuwagusi kabisa. Leo namleta mmoja wao, mwalimu wa sekondari kutoka kaskazini ya nchi ile. Alipanda kwenye mimbari ya Bunge mwezi Mei 1983, akasema jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema pale, na wanaume wazima wenye suti wakaangua kicheko. Miaka 14 baadaye Bunge hilohilo likapitisha kwa kura nyingi jambo walilolicheka, na yeye wakati huo alikuwa mbunge tena.

Nitaandika kwa vipande. Mwenye la kuongeza aongeze, mwenye swali aulize.

Alikotoka

Waltraud Schoppe alizaliwa Bremen mwezi Juni 1942. Mwezi huohuo ndege za kivita za Uingereza zipatazo elfu moja ziliushambulia mji huo kwa usiku mmoja. Kwa hiyo alipoanza kujitambua, Bremen ilikuwa kifusi, na wenye mamlaka walikuwa Wamarekani, maana Bremen na bandari yake waliichukua wao ingawa eneo lote la kuizunguka lilikuwa chini ya Waingereza.

Ninachotaka mkishike hapa ni sheria alizokulia ndani yake, kwa sababu bila hizo hamtaelewa hasira yake ya baadaye.

Mwaka 1949 Ujerumani Magharibi ilipata Katiba mpya, nayo inasema wazi kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa. Sentensi hiyo haikupatikana kirahisi. Mwanasheria Elisabeth Selbert ndiye aliyeipigania, katika baraza la wajumbe 65 lililokuwa na wanawake wanne tu. Lakini Katiba ilikuwa juu, na sheria za ndoa zilibaki chini vilevile zilivyokuwa. Hadi katikati ya mwaka 1958 mume ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika mambo ya nyumba, na aliweza hata kuvunja mkataba wa kazi wa mkewe. Baada ya hapo sheria ikalegezwa: mke anaweza kufanya kazi, ila kwa kiasi ambacho hakiingiliani na wajibu wake wa ndoa na familia. Kifungu hicho kiliishi mpaka 1977. Elfu moja mia tisa sabini na saba, wakuu! Schoppe alikuwa na miaka 35.

Na kwa walimu wa kike kulikuwa na mzigo wa peke yake. Tangu 1880 Ujerumani ilikuwa na utaratibu kwamba mwalimu wa kike akiolewa, kazi imekwisha na pensheni imekwenda. Katiba ya Weimar ya 1919, yaani ya jamhuri ya kwanza ya Ujerumani, iliufuta, uchumi ulipoharibika mwaka 1923 ukarudishwa, na Ujerumani Magharibi ikauondoa 1951. Jimbo la Baden-Württemberg likachelewa mpaka 1956. Yaani walimu wa kike waliomfundisha Schoppe alipokuwa mtoto, wengi wao walilazimika kuchagua kati ya ubao na ndoa. Yeye na rika lake ndio walioweza kuvishika vyote viwili.

Akasoma, akawa mwalimu wa sekondari aliyeajiriwa na serikali, akazaa watoto, na miaka ya 1970 ilipokuwa inaisha akajikuta katika vuguvugu lililozaa Chama cha Kijani. Chama hicho kiliundwa rasmi kitaifa Januari 1980. Ndani yake walikuwemo wapinga nyuklia, wapenda amani, wakulima, wanaharakati wa wanawake, wakomunisti wa zamani, wachungaji. Na walimu wengi mno.

---

Mzee_wa_Busega

Mkuu, nimeweka kiti mbele. Ila kabla hujaendelea, hili la walimu kujaa kwenye siasa za Ujerumani ni kweli au ni maneno ya mtaani? Maana nimewahi kumsikia Mjerumani akilalamika kwamba bunge lao limejaa walimu.

---

Kitabu_Wazi

Ni kweli, mzee wangu, na malalamiko hayo ni ya siku nyingi. Sababu kubwa ni ya kisheria. Katiba yao, ibara ya 48, inakataza mtu kufukuzwa kazi kwa sababu ya ubunge. Mtumishi wa umma, na mwalimu wa serikali akiwemo, anapochaguliwa kazi yake inasimama tu, na muda wake wa bungeni ukiisha anayo haki ya kurudi kazini. Sasa linganisha na fundi mwenye karakana yake au mama mwenye duka. Akikaa bungeni miaka minne, akirudi atakuta wateja wameshazoea kwa jirani. Mwalimu hana hofu hiyo, kwa hiyo anathubutu kugombea.

Sababu ya pili naitoa mimi mwenyewe, msinidai ushahidi: mwalimu amezoea kusimama mbele ya watu ambao hawataki kumsikiliza.

---

Bi_Rehema_M

Hapo kwenye sababu ya pili umenigusa kaka. Mimi mwalimu. Kusimama mbele ya watu hamsini wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe ndiyo kazi yangu ya kila siku. Endelea.

---

Kitabu_Wazi

Asante mwalimu. Naendelea.

Machi 1983: wanaingia Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi

Uchaguzi wa tarehe 6 Machi 1983 Chama cha Kijani kilipata asilimia 5.6. Kumbukeni Ujerumani chama kisipofika asilimia 5 hakiingii bungeni, labda kishinde majimbo matatu ya uchaguzi moja kwa moja. Kwa hiyo walipenya kwa upana wa unywele. Wakapata wabunge 28, ukimhesabu mjumbe wa Berlin Magharibi. Schoppe aliingia kupitia orodha ya chama ya jimbo la Niedersachsen, ambalo Waingereza huliita Lower Saxony.

Siku ya kwanza, tarehe 29 Machi, waliandamana kwa miguu kuelekea bungeni wakisukuma mpira mkubwa wenye sura ya dunia, na wakibeba mti uliokauka kwa mvua ya asidi. Ndani ya ukumbi wakaweka vyungu vya maua mezani. Masweta ya kufuma, ndevu, viatu vya michezo. Helmut Kohl alipochaguliwa kuwa Kansela siku hiyo na watu wakapanga foleni kumpa mkono, mbunge wa Kijani Marieluise Beck-Oberdorf alimkabidhi tawi la msonobari lililonyauka. Na huyo Marieluise naye alikuwa nani? Mwalimu.

Wanawake katika Bunge zima hawakufika asilimia 10. Hapo ndipo Schoppe alipoingia.

Tarehe 5 Mei 1983

Kohl alikuwa ametoa hotuba ya mwelekeo wa serikali yake, akiahidi mageuzi ya kimaadili na kurudisha heshima ya familia. Bunge likawa linaijadili. Mada mojawapo iliyokuwa moto ni kifungu cha 218 cha sheria ya jinai, kifungu cha utoaji mimba. Mwaka 1974 Bunge lilikuwa limeruhusu utoaji mimba katika wiki 12 za mwanzo, Mahakama ya Katiba ikaibatilisha sheria hiyo Februari 1975, na mwaka 1976 ikaja sheria ya kati iliyotaka sababu maalumu, ama ya kiafya, ama ya hali ngumu ya mama, ama mimba iliyotokana na kubakwa. Sasa serikali mpya ilitaka kukaza tena.

Schoppe akapanda. Nywele fupi, sauti ya kawaida, karatasi mkononi. Akaanza na maelezo kwamba jamii imewasanifisha watu: mavazi ya aina moja, nyumba za aina moja, fikra za aina moja, mpaka maadili ya aina moja. Kisha akafika chumbani. Akasema watu wanalala jioni na kufanya tendo la ndoa la aina moja, na mara nyingi mwanamume analifanya kwa uzembe. Uzembe kwa maana gani? Kwa maana kwamba wanaume wengi hawachukui hatua yoyote ya kuzuia mimba, wanashiriki kuileta kwa kiasi sawa na mwanamke, kisha wajibu wanaukwepa.

Vicheko vikaanza. Kelele. Kumbukumbu rasmi za Bunge lao huandika mpaka miguno, mtu akicheka inaandikwa, akipaza sauti inaandikwa, na kurasa za hotuba hii zimejaa alama hizo. Yeye anasubiri, anaendelea. Akasema mageuzi ya kweli yangekuwa Kansela kusimama pale na kuwaambia watu kwamba zipo njia za mapenzi zenye raha zisizoleta mimba kabisa. Ukumbi ukalipuka. Naye akaongeza kwamba mtu huweza tu kuzungumzia jambo ambalo analielewa japo kidogo.

Nimeiangalia video yake mara nyingi. Kinachonishangaza ni mambo mawili. La kwanza ni nyuso za wale wanaocheka. Hawacheki kicheko cha mtu aliyefurahi, wanageukiana, wanatafutana macho, kila mmoja anataka kuhakikisha mwenzake naye anacheka. La pili ni yeye mwenyewe. Hapandishi sauti kushindana nao. Anatulia mpaka kelele ipungue, kisha anaendelea na sentensi ileile.

Na hapo ndipo akatoa madai mawili ambayo ndiyo kiini cha uzi huu. Moja, alidai ubakaji ndani ya ndoa uadhibiwe kama ubakaji mwingine wowote. Mbili, aliwataka wote waliomo humo ndani waache ubaguzi na udhalilishaji wa kila siku dhidi ya wanawake ndani ya Bunge lenyewe.

---

Jembe_la_Mkulima

Mkuu samahani. Ina maana kabla ya hapo Ujerumani mume kumbaka mkewe haikuwa kosa? Nchi iliyoendelea namna ile?

---

Kitabu_Wazi

Haikuwa kosa la ubakaji, ndugu yangu. Kifungu cha ubakaji kilisema kwa maneno yake kwamba tendo lenyewe liwe la nje ya ndoa. Neno hilo moja liliwaondoa wake wote wa nchi nzima katika ulinzi wa kifungu. Mke aliyelazimishwa na mumewe angeweza kushitaki kwa kosa la kumlazimisha mtu kwa nguvu, au la kujeruhi. Tofauti ilikuwa kubwa: ubakaji adhabu yake ilianzia miaka miwili gerezani, wakati kosa la kulazimisha liliishia miaka mitatu na mtu angeweza hata kutozwa faini tu akaenda zake.

Na msidhani mahakama zilikuwa upande wa wake. Mwaka 1966 mahakama kuu ya shirikisho, katika kesi ya talaka, ilisema kwamba haitoshi mke kuvumilia tu tendo la ndoa bila kujali, bali ndoa inamtaka ajitoe kwa upendo. Majaji ndio walioandika hivyo, miaka 17 baada ya Katiba ya haki sawa.

---

Bi_Rehema_M

Kaka Kitabu, hicho kicheko nakijua. Niliwahi kusimama katika kikao cha walimu nikaomba wasichana wasitumwe kuchota maji kwenye nyumba za walimu wa kiume saa za jioni. Walicheka. Mmoja akaniuliza kama nina wivu. Hakuna aliyenipinga kwa hoja, walinicheka tu, na ajenda ikapita. Nilikaa nikiwa natetemeka. Ndiyo maana namheshimu sana mwanamke huyu kwa kuimaliza hotuba yake.

---

Kitabu_Wazi

Pole sana mwalimu, na hongera kwa kusimama. Umeeleza vizuri kuliko nilivyoweza. Hoja hujibiwa kwa hoja, na aliyejibiwa anajua amejibiwa nini. Aliyechekwa hana cha kukijibu. Ndiyo maana mimi nakihesabu kicheko cha siku ile kuwa kitendo cha kisiasa, sawa kabisa na kura ya hapana.

Baada ya hotuba

Barua zilifurika. Za matusi zilikuwepo, na za shukrani kutoka kwa wanawake zilikuwepo pia. Lakini niseme ukweli wote: Chama cha Kijani chenyewe hakikuwa kisafi. Mwezi Agosti mwaka huohuo mbunge wao mmoja alijiuzulu baada ya wafanyakazi wa kike wa chama kumtuhumu kwamba anawashikashika. Kwa hiyo dai la kuacha udhalilishaji bungeni liliwahusu hata jirani zake wa benchi moja.

Tarehe 3 Aprili 1984 likatokea jambo jingine ambalo Ujerumani haikuwahi kuliona. Wabunge wa Kijani walichagua uongozi wao wa bungeni, na nafasi zote sita zikaenda kwa wanawake: Annemarie Borgmann, Antje Vollmer, Waltraud Schoppe, Christa Nickels, Heidemarie Dann na Erika Hickel. Magazeti yakaupa uongozi huo jina la Feminat. Wengi waliuchukulia kama kituko. Hata hivyo, Antje Vollmer alikuja kuwa Naibu Spika wa Bunge kuanzia 1994 hadi 2005, na Christa Nickels, ambaye kwa taaluma alikuwa muuguzi, akaja kuingia serikalini. Kwa hiyo si watu walioteuliwa kwa maonyesho tu.

Hapa nafika kwenye jambo linalonikera mpaka leo. Chama kilikuwa na sheria ya mzunguko: ukikaa bungeni miaka miwili, unapisha, anaingia aliyekufuata kwenye orodha. Lengo lilikuwa jema, kuzuia watu kugeuka wanasiasa wa maisha. Petra Kelly, aliyekuwa maarufu kuliko wote, alikataa kutoka. Schoppe alitii. Mwaka 1985 akaondoka.

---

Mzee_wa_Busega

Hapo siungani nawe, kijana wangu. Sheria ile naiona ya maana. Sisi tumeona wabunge wanaokaa vipindi vitano mpaka jimbo linakuwa kama mali ya ukoo. Bora mtu aingie, aseme lake, atoke, aje mwingine.

---

Kitabu_Wazi

Nakuelewa mzee, na heshima yako. Lakini tazama kazi yenyewe. Mbunge mgeni anatumia mwaka wa kwanza kujifunza kamati zinavyokwenda, nani anaandika rasimu, wizara gani inaficha nini. Mwaka wa pili ndio anaanza kuuma. Ukimtoa hapo, umemtoa siku aliyoiva. Na maofisa wa wizara, ambao hawazunguki, wanabaki palepale wakimsubiri mgeni mwingine. Kwa kupunguza makali walijitahidi: yule anayesubiri zamu alifanya kazi katika ofisi zilezile tangu mwanzo, ili asiingie akiwa hajui kitu. Ila hilo nalo lilizaa ugomvi wao kwa wao, maana mmoja yuko kwenye kiti na mwingine yuko mlangoni akihesabu miezi. Chama kikaulegeza utaratibu huo na mwishowe kikauacha.

---

Mzee_wa_Busega

Haya, la maofisa kubaki nakubali. La vipindi vitano bado silikubali.

---

Kitabu_Wazi

Tukubaliane hapo mzee, hata mimi vipindi vitano sivitetei.

Kurudi, uwaziri, kurudi tena

Mwaka 1986 chama kilipitisha kanuni kwamba angalau nusu ya nafasi zote ziende kwa wanawake. Uchaguzi wa Januari 1987 wakapata asilimia 8.3 na wabunge 44, wengi wao wanawake. Kabla ya hapo halikuwahi kutokea kundi la wabunge wa chama katika Bunge la Ujerumani lenye wanawake wengi kuliko wanaume. Schoppe alirudi pamoja nao. Ndani ya chama alikuwa upande wa wale waliotaka kushika madaraka na kufanya kazi na Wasoshalisti wa chama cha SPD, dhidi ya wenzao waliosema serikali itawachafua.

Juni 1990 akapata nafasi ya kuonyesha alichomaanisha. Gerhard Schröder, ambaye bado hakuwa Kansela, aliunda serikali ya jimbo la Niedersachsen kwa muungano wa SPD na Kijani. Kijani wakapewa wizara mbili. Moja alishika Jürgen Trittin, nyingine ilikuwa wizara ya wanawake, akapewa Schoppe. Alikaa mpaka 1994. Bahati nayo ilikuwa upande wake, kwa sababu Desemba 1990, katika uchaguzi wa kwanza baada ya Ujerumani kuungana, Kijani wa Magharibi waliangukia pua chini ya asilimia 5 na kutupwa nje ya Bunge la taifa. Yeye alikuwa Hannover, makao makuu ya jimbo, ana wizara.

Kipindi hicho cha uwaziri nakipita haraka. Kazi ya wizara ndogo ya jimbo ni bajeti, nyumba za hifadhi kwa wanawake wanaopigwa, maofisa wa usawa katika halmashauri. Ni kazi ya maana ila haina simulizi.

Mwaka 1994 SPD walishinda peke yao jimboni, hawakuhitaji mshirika, Kijani wakatoka serikalini. Vuli ya mwaka huohuo Schoppe akachaguliwa tena kuingia Bunge la taifa. Na hili ndilo Bunge lililoamua.

Tarehe 15 Mei 1997

Serikali ya Kohl, ambayo bado ilikuwepo, hatimaye ilikubali kwamba neno "nje ya ndoa" liondoke kwenye kifungu. Lakini iliweka sharti: mke aliyebakwa na mumewe aweze kusimamisha mashitaka akitaka. Waliolitetea walisema linaokoa ndoa, familia inaweza kupatana. Waliolipinga, na hapa wanawake wa vyama vyote walijikuta upande mmoja, waliuliza swali jepesi: mume anayeweza kumbaka mkewe atashindwaje kumlazimisha aseme "nafuta kesi"? Sharti hilo lingempa mhalifu sababu ya kumtesa mara ya pili. Rasimu yenye sharti ilipita Bungeni mwaka 1996, ikakwama katika baraza la majimbo.

Ndipo wanawake wa vyama mbalimbali wakakaa pamoja na kuandika hoja yao, bila sharti. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele ni Ulla Schmidt wa SPD, aliyekuja kuwa waziri wa afya. Nadhani mmeshabashiri kazi yake ya zamani. Alikuwa mwalimu, wa watoto wenye mahitaji maalumu, kutoka Aachen.

Wabunge waliachiwa wapige kura kwa dhamiri zao, si kwa amri ya chama. Zaidi ya wabunge 460 walisema ndiyo, 138 walisema hapana, 35 hawakuegemea popote. Julai 1997 sheria ikaanza kutumika. Neno "nje ya ndoa" likafutwa.

---

Jembe_la_Mkulima

Je, ni kweli kwamba Kansela wa sasa, Friedrich Merz, alikuwa kati ya wale 138? Hili linazunguka sana mitandaoni.

---

Kitabu_Wazi

Ni kweli, alipiga kura ya hapana siku ile, na Horst Seehofer, waziri wa afya wa Kohl wakati huo, pia. Ila tumtendee haki kwa kueleza lote: kundi lao liliunga mkono ubakaji ndani ya ndoa uwe kosa, walichokitaka ni lile sharti la mke kuweza kusimamisha kesi. Mimi naona sharti lile lilikuwa baya na sababu nimezieleza. Lakini kusema walitaka wake wabakwe ni uongo, na humu tusiubebe.

---

Salma_wa_Pwani

Shukrani kwa uzi. Naomba kuuliza, sisi huku tuko wapi kwenye hili?

---

Kitabu_Wazi

Dada Salma, Tanzania sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kwamba mume anaweza kushitakiwa kwa kumbaka mkewe pale tu ambapo wametengana. Wakiwa wanaishi pamoja, hapana. Kenya sheria yao ya 2006, hoja iliyoletwa na Njoki Ndung'u, kifungu cha 43 kinawaondoa waliooana kihalali. Yaani tuko karibu na pale Ujerumani ilipokuwa Schoppe alipopanda kwenye mimbari. Naomba mjadala wa kwetu tuufungulie uzi wake, ni mkubwa na unastahili.

---

Salma_wa_Pwani

Nitaufungua mimi kesho inshallah.

---

Bi_Rehema_M

Swali la mwisho kaka. Kabla yake hapakuwa na mwalimu mwingine wa kike aliyeingia bungeni kule? Maana umeanza na wale wanawake wanne wa Katiba.

---

Kitabu_Wazi

Alikuwepo, mwalimu, na swali lako ni zuri. Helene Weber, mmoja wa hao wanne. Alizaliwa 1881, akaanza maisha kama mwalimu, akawa mbunge katika bunge la katiba la Weimar mwaka 1919 na baadaye katika Reichstag, bunge la Ujerumani la zama zile. Alikuwa pia ofisa wa juu katika wizara ya ustawi wa jamii ya Prussia, na mwaka 1933 Wanazi walimfukuza kazi kwa madai kwamba haaminiki kisiasa. Baada ya vita akarudi, akaandika Katiba pamoja na wenzake, akakaa Bungeni kupitia CDU, chama cha Adenauer na Kohl, tangu 1949 mpaka alipofariki 1962, akiwa na miaka 81. Alikuwa Mkatoliki mwenye msimamo mkali wa familia, na naamini angepinga sehemu kubwa ya hotuba ya Schoppe. Lakini ni yeye na wenzake waliomsumbua Adenauer mpaka mwaka 1961 akamteua Elisabeth Schwarzhaupt, waziri wa kwanza mwanamke wa shirikisho.

Kwa wanaotaka kuiona hotuba ya Mei 1983 wenyewe, Bunge la Ujerumani limehifadhi kumbukumbu zake za maandishi kwenye tovuti yake, ni za Bunge la 10, na ni bure. Ni za Kijerumani, ila programu za tafsiri za siku hizi zinatosha kufuatilia. Soma na yale maneno yaliyo kwenye mabano katikati ya hotuba, ndipo utaona nani alicheka, na walikuwa wa benchi la chama gani.